Birimbi Zangu za Kwanza, Magongo

Jamani, nimechuma! Alfajiri hii, kabla hata ya chai, nimesimama nyuma ya nyumba na bakuli mkononi nikichuma birimbi kutoka kwenye shina. Ndiyo, kwenye shina! Mwembe huning'iniza matunda kwenye matawi, lakini mbirimbi hutoa maua ya rangi ya damu ya mzee kwenye gome lenyewe, kisha vishada vya matunda ya kijani yanayong'aa, kila moja kama tango changa la urefu wa kidole. Kishada kimoja nimehesabu kumi na moja. Vingine viko chini mno hivi kwamba mtoto anayetambaa angevifikia.

Mbegu nilipewa na shangazi yangu wa Kisauni, mbichi, bado zina utelezi. Akaniambia, "Mwanangu, zipande leo leo, zisilale." Nikazitia kwenye kopo la rangi lililotobolewa chini, na masika yalipoanza nikahamishia mche ardhini. Huu ni mwaka wa tatu. Magongo hapa nyumba zimebanana, ndege zinapita juu ya mabati zikielekea uwanjani, na ua wangu hautoshi mwembe wala mfenesi. Mbirimbi umekaa kwenye kona kwa raha zake. Hata ukiachwa ukue, huwa ni wa mita tano hadi kumi tu.

Na jioni! Nendeni mkautazame mbirimbi magharibi ikiingia. Vijani vyake vinainama viwili viwili mpaka vinaning'inia, mti mzima umelala. Charles Darwin aliuchunguza usingizi huu na kuuandika katika kitabu cha mwaka 1880. Kuna jambo jingine lililonisisimua zaidi: jina lake la kitaalamu ni Averrhoa bilimbi, na hilo Averrhoa ni kumbukumbu ya Ibn Rushd, tabibu na mwanafalsafa wa Kurtuba. Asili ya mti ni visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, lakini kwetu pwani umeshakuwa mwenyeji wa jikoni.

Sasa ladha. Nimeichovya ya kwanza kwenye chumvi na pilipili, nikaitafuna: kraak! Maji yakajaa kinywani, macho yakafumba yenyewe, meno yakafa ganzi. Ukali wake ni safi kuliko wa ndimu, na una harufu ya majani mabichi. Mchana nimezikata nne nikazitia kwenye mchuzi wa samaki wa nazi mahali pa ukwaju. Zimelainika karibu kuyeyuka, tui limebaki jeupe, na ule uchachu umepenya mpaka kwenye mfupa wa changu. Ukwaju naupenda, lakini kwa mchuzi huu birimbi imeushinda.

Zilizobaki nimezipasua, nimezitia chumvi na kuzianika kwenye ungo juu ya paa. Zikinyauka zitaingia kwenye chupa na pilipili, bizari na siki, ziwe achari. Usizicheleweshe, maana birimbi iliyochumwa haivumilii siku nyingi. Hata zilizopondeka hazikutupwa: nimesugulia kisu changu cha samaki kilichokuwa na kutu, na kimetakata.

Asidi ya birimbi inayong'oa kutu ndiyo sababu ya onyo langu moja. Msiikamue mkanywa maji yake kwa glasi kama sharubati. Birimbi ina oksaleti nyingi, yaani chumvi za asidi hiyo, na huko India madaktari wameandika habari za watu ambao figo zao zilifeli baada ya kunywa maji yake makali. Mwenye maradhi ya figo asiiguse kabisa. Kwenye mchuzi na achari, kidogo kidogo, ndiko mahali pake.

Kati ya miti yote niliyowahi kupanda, huu ndio wa kwanza kunipa kitoweo, achari na tamasha la jioni katika kona isiyozidi upana wa mkeka. Ukiona birimbi iliyoiva ikageuka manjano, ipasue uchukue mbegu, na uzipande siku hiyo hiyo.