Jina la Mtunzi Ndani ya Mabano

Mwana Kupona binti Mshamu hakuwaacha wasomaji wake gizani. Alipoufikia mwisho wa utendi aliomtungia bintiye, Mwana Hashima, alitaja jina lake, akataja Pate alikozaliwa, akaweka tarehe ya mwaka 1275 wa Hijra, ulioangukia baina ya 1858 na 1859 Miladia, kisha akazihesabu beti zake zikawa 102. Jina, mahali, mwaka na idadi: orodha ya marejeo ya jarida la kitaaluma inadai nini zaidi ya hayo? Mtunzi amekwisha kuyatimiza yote, tena kwa vina na mizani.

Pamoja na hayo, si nadra kukuta makala ya uhakiki ambamo beti za bibi huyo zinafuatiwa na mabano yasemayo "Werner na Hichens 1934", au "Allen 1971". Anayeyafuata mabano hayo hadi mwisho wa makala hupata kitabu kilichochapwa Uingereza, kimepangwa chini ya majina ya wahariri. Jina la mtunzi, likibahatika kuonekana, limo ndani ya anwani ya kitabu, kana kwamba yeye ndiye jambo lililoandikwa wala siye aliyeandika.

Mtindo huu wa jina na mwaka una asili yake. Aghalabu hunasibishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa elimu ya wanyama wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala juu ya yai la koa, yaani konokono asiye na gamba. Kwa kazi ya namna ile mtindo unafaa sana. Katika elimu hizo mwaka wa kuchapwa ndio mwaka wa kusema, na msomaji ana haja ya kujua upesi kama kauli ni mpya au imekwisha kupitwa.

Ushairi wa kale wa Kiswahili, lakini, haukuzaliwa mtamboni. Muyaka bin Haji alitunga Mombasa, akafariki yapata mwaka 1840; diwani yake ilichapwa Johannesburg mwaka 1940, ikihaririwa na William Hichens. Anayeandika "Hichens 1940" chini ya shairi la Muyaka amekosea mara mbili: sauti si ya Hichens, wala zama si za 1940. Mashairi yaliyokuwa silaha wakati Mombasa ya Wamazrui ikipambana na Seyyid Said yanasomeka kama maneno ya miaka ya Vita Vikuu vya Pili. Mwanafunzi asiyeijua historia hiyo hatapata msaada wowote katika mabano.

Kosa la pili ni la majina yenyewe. Kanuni nyingi hutaka jina la ukoo litangulie, kisha herufi za mwanzo za majina mengine, na programu za kompyuta zinazopanga marejeo hulikata kila jina vipande viwili bila kuuliza. Basi Mwana Kupona hugeuka "Kupona, M.", ilhali Kupona si ukoo, na "Mwana" ni neno la heshima apewalo mwanamke, si jina la kufupishwa kwa herufi moja. Muyaka naye huwa "Haji, M. b.". Haji ni babaye; aliyeimba ni Muyaka. "Bin" na "binti" ni maneno yanayoeleza nasaba, na ukiyageuza kuwa herufi umeuvunja uzi unaomfunga mtu na mzazi wake. Kwa watu wa pwani, ambao mtu hujulikana kwa kusemwa ni mwana wa nani, hilo si jambo dogo la uchapaji.

Tena nyuma ya kila chapa kuna mkono ulionakili. Mashairi ya Muyaka yalimfikia W. E. Taylor kwa juhudi za Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeyakusanya na kuyafafanua. Muhammad Kijuma wa Lamu aliwanakilia Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann tendi nyingi kwa khati yake nzuri ya Kiarabu. Wanakili hawa hawakuwa mashine. Walichagua neno, walisahihisha, walieleza maana. Ubeti unaosomwa leo umepita mikononi mwao, na rejea inayowaruka imekata sanadi.

Yawezekana mtu akajibu kwamba marejeo hayakuwekwa kwa ajili ya heshima; yamewekwa ili msomaji aweze kuyarudia maneno pale pale mwandishi alipoyatoa. Hoja hii ni ya haki, na ndiyo hasa inayoulaumu mtindo uliopo. Nambari ya ukurasa humfaa mwenye chapa ile ile tu. Aliye na chapa nyingine, au aliyerithi mswada wa babu yake, hawezi kuifuata. Lakini akiambiwa ubeti wa 28 ataufikia kwa kuhesabu. Hata hivyo nambari ya ubeti pekee haitoshi daima. Nakala za Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, hazikubaliani katika idadi ya beti wala mpangilio wake. Hapo hapana budi nakala itajwe pamoja na ubeti, ama sivyo msomaji ataelekezwa kusiko.

Dawa si ngumu. Jina la mtunzi litangulie, zima, bila kupinduliwa: Mwana Kupona binti Mshamu. Mwaka wa kutungwa uandikwe pamoja na mwaka wa kuchapwa, 1275 H na 1934, kwani iko mitindo mashuhuri iliyokwisha kuruhusu miaka miwili. Mhariri afuate, maana kazi yake nayo ni kazi. Mnakili atajwe anapojulikana. Mfano mwema upo: Sambo ya Kiwandeo, kilichochapwa Leiden mwaka 1979, kinatanguliza jina la Ahmed Sheikh Nabhany, na Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg wamo kama wahariri. Wataalamu hao hawakupungukiwa na kitu.

Washairi wa tendi waliyaweka majina yao katika beti za mwisho kwa sababu walijua kuwa nakala husafiri na wasomaji husahau. Leo orodha ya marejeo juu ya ushairi wa Kiswahili yaweza kujaza kurasa tatu bila ya mshairi hata mmoja kuwa na mstari wake mwenyewe, na kijana anayeisoma atadhani kwamba elimu hii ilianzishwa na waliokuja kuikusanya. Mhariri wa jarida anayeupokea mswada wa namna hiyo ana uwezo wa kuurudisha kwa swali moja tu: ubeti huu ni wa nani? Jibu ataliona katika utendi wenyewe, akiusoma hadi tamati.