Moto wa Mabaki: Burlington Inavyojifulia Umeme

Mti uliopinda, ulioliwa na wadudu au uliosongwa na wenzake hauna soko kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Vermont, jimbo dogo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, lina miti ya namna hiyo kwa wingi, na katika mji wa Burlington, wenye watu wasiofika 50,000, ndiyo inayosaidia kuwasha taa. Burlington ina idara yake ya umeme tangu 1905. Mwaka 1978 wapiga kura waliridhia hati fungani za dola milioni 80 ili idara ijenge kituo cha kufua umeme kwa kuni. Kituo hicho, kilichopewa jina la Joseph C. McNeil aliyewahi kuiongoza idara, kilianza kazi mwaka 1984 kikiwa na uwezo wa megawati 50. Nusu ni mali ya mji, nusu ya washirika wa humo humo jimboni.

Nikitaja kuni, aliyekulia jikoni penye mafiga atakumbuka moshi na macho kuwasha. Sasa afikirie mtambo unaomeza takriban tani 76 za kuni kwa saa ukiwa umeachiwa uende kwa nguvu zake zote. Kuulisha mtambo huo kwa miaka zaidi ya 40 bila kuparua milima kunahitaji watu wanaoijua kazi, na kazi yenyewe huanzia mbali na moto.

Huanza kwa bwana misitu. Idara hii ya umeme imeajiri wataalamu wake yenyewe wa misitu, jambo ambalo mashirika mengi ya umeme hayajawahi hata kulifikiria. Kabla shamba la miti halijaiuzia McNeil kuni, panakuwa na mpango wa uvunaji, na maofisa wa wanyamapori wa jimbo hupata nafasi ya kuupitia. Sehemu chepechepe zina masharti yake. Vivyo hivyo maeneo ambako kulungu hujibanza wakati wa theluji. Kufyeka kabisa eneo lote, pale kunaporuhusiwa, kwa kawaida hakuvuki ekari 25. Ujuzi wenyewe uko machoni: kutazama kundi la miti na kuamua upi utolewe ili jirani yake apate jua na, miaka 30 baadaye, awe gogo la kutoa mbao safi. Kinachokwenda motoni ni vilele, matawi na miti iliyokosa bahati. Mwenye msitu hupata soko la kitu ambacho zamani alikiacha kioze.

Mabaki hayo husagwa kuwa vibanzi, kisha huanza safari. Robo tatu hivi hufika kwa treni kutoka Swanton, kaskazini mwa Burlington, kwa sababu wakazi hawakutaka malori yapishane mitaani usiku na mchana. Kupakia lori, kushusha, kupakia behewa na kushusha tena ni gharama, na mhasibu yeyote angeipinga. Mji ulikubali kuilipa. Napenda uamuzi huo kuliko mitambo yote iliyomo kituoni.

Kinachofuata ni lundo, na lundo si kitu cha kuachwa tu. Vibanzi vibichi vikirundikwa juu sana huanza kuchemka kwa ndani kama samadi, na visipogeuzwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Ndiyo maana tingatinga haipumziki: husukuma vya zamani mbele, husambaza vipya, huchanganya vikavu na vilivyolowa. Baridi ya Januari ikishuka chini ya sifuri, vibanzi hugandana mabonge, na bonge likikwama njiani moto hupungua nguvu. Kuni mbichi zina maji karibu nusu ya uzito wake, na maji hayo lazima yafukuzwe kwanza ndipo joto lifae kitu. Anayeendesha boila hupambana na kuni zinazobadilika saa kwa saa, ilhali wateja wanataka umeme usiotikisika. Huongeza hewa hapa, hupunguza pale, hutazama rangi ya moto. Mvuke husukuma mapanga ya mtambo, moshi huchujwa vumbi, na tangu 2008 upo mfumo mwingine wa kupunguza gesi za naitrojeni.

Ubishi upo, na una msingi. Ni robo tu hivi ya nishati iliyomo kwenye kuni inayotoka kama umeme. Iliyobaki hupotea kama joto, na mipango ya kulipeleka joto hilo kwenye majengo ya mji imejadiliwa kwa miongo. Kaboni hutoka leo, mti wa kuirudisha huota polepole. Kwangu, makombo ya msitu uliotunzwa ni kuni halali, ila hoja hiyo hudumu kwa kadiri bwana misitu anavyoachwa afanye kazi yake.

Maji yana ufundi wa aina nyingine. Kwenye maporomoko ya mto Winooski upo mtambo wa megawati 7.4 ambao mji uliununua mwaka 2014. Salmoni wanaopanda kutoka Ziwa Champlain kwenda kutaga hawawezi kuuruka ukuta wa bwawa, hivyo hunaswa kwenye tangi, hunyanyuliwa, hupimwa, kisha hupanda lori na kupelekwa juu ya mabwawa. Samaki hapandi mlima peke yake, hupewa lifti.

Mwaka huo huo wa 2014 Burlington ilitangaza kuwa umeme wote inaonunua na kuufua, ukihesabiwa kwa mwaka, unatoka kwenye vyanzo jadidifu: kuni, maji, upepo na jua kidogo. Hesabu hiyo ina kona zake. Idara huuza vyeti vya thamani kubwa vinavyothibitisha kuwa umeme wake ni jadidifu na kununua vya bei nafuu, ili wateja wasipandishiwe bili. Mwenye kuisifu Burlington aitaje na hiyo.

Kazi niipendayo zaidi haina bomba la moshi la kumwonyesha mgeni. Mwaka 1990 wapiga kura waliidhinisha dola milioni 11.3 za kupunguza matumizi, na mafundi wakaanza kupita nyumba kwa nyumba na duka kwa duka wakibadilisha taa, wakiziba nyufa, wakikagua majokofu na hita za maji. Robo karne baadaye, kukiwa na kompyuta na simu kila mahali, mji ulikuwa unatumia umeme pungufu ya ule wa 1989.