Kikapu cha Amosi: Njozi na Tafsiri Yake

Njozi tano za Amosi (sura 7–9) zina mpango. Katika mbili za kwanza, nzige na moto, nabii anaomba na Mungu anaghairi. Katika ya tatu, ya timazi, haombi tena. Ya nne, kikapu cha matunda ya hari, imejengwa juu ya sauti: kwa Kiebrania qayits ni matunda hayo, qets ni mwisho. Msikilizaji wa Mbotela, Nairobi, asomewapo Union Version ya 1952, hupata kikapu na hukumu, ila hapati kiungo. Hukumu huonekana imezuka tu. Kalenda ya kale ya Gezeri huyaweka matunda hayo katika mwezi wa mwisho. Basi yafaa kutafsiri “matunda ya mwisho wa msimu”, ili neno “mwisho” lisikike mara mbili.