Jiko la Frankfurt: Kila Ubao na Sababu Yake

Wengi wanaokarabati jiko huanza na rangi. Fundi seremala huonyeshwa picha kwenye simu, bei ikakubaliwa, makabati yakaletwa, na swali la nini kitakaa wapi likaulizwa siku ya kupanga vyombo. Karibu miaka 100 iliyopita, mji wa Frankfurt, Ujerumani, ulianza na swali hilo la mwisho. Kwa maoni yangu, ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa kuchagua makabati.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Frankfurt ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba, na mradi wa kujenga mitaa mipya uliongozwa na msanifu majengo Ernst May. Mwaka 1926 kazi ya kubuni jiko la nyumba hizo alipewa Margarete Schütte-Lihotzky wa Vienna, mwenye umri wa miaka 29. Chumba chenyewe kilikuwa chembamba: upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Baadaye alieleza kwamba kabla ya hapo hakuwa na uzoefu wa kupika, hivyo akategemea uchunguzi. Alisoma maandishi ya Mmarekani Christine Frederick kuhusu hatua zinazopotea jikoni, akachunguza majiko ya mabehewa ya chakula kwenye treni, na akapima muda wa kazi za jikoni.

Makabati yakapangwa kwa kufuata mkono wa mpishi. Kabati la vyombo likawekwa karibu na sinki na kichanja cha kukaushia, ili sahani ioshwe, ikauke na irudi mahali pake bila mtu kuhama. Milango yake ikawa ya vioo vya kutelezesha, maana katika chumba chembamba mlango unaofunguka kwa nje humzuia mpishi. Meza ya kukatia ikakaa chini ya dirisha penye mwanga, na ndani yake kidroo cha kusukumia maganda.

Ufundi mkubwa zaidi ulikuwa katika kuchagua vifaa. Droo za unga zilitengenezwa kwa mbao za mwaloni, kwa kuwa kemikali ya tanini iliyomo ndani yake huwafukuza wadudu wa unga. Meza ya kukatia ikapewa biichi, mbao ngumu inayostahimili kisu, madoa na asidi. Mchele, nafaka nyingine na sukari vikawekwa katika vidroo vya alumini vyenye mkono wa kushikia na mdomo wa kumiminia, hivyo mpishi alichomoa kidroo na kumimina moja kwa moja chunguni. Hata rangi ya buluu ilikuwa na kazi, kwani wakati ule iliaminika kwamba nzi huikwepa. Kwa kuwa vipimo vilikuwa vya aina moja, takriban majiko 10,000 yalifungwa katika nyumba za mji huo, na gharama yake ikaingizwa kwenye kodi ya pango.

Kasoro zilikuwapo, na zina uzito. Jiko lilimtosha mtu mmoja tu. Mama na binti yake hawakuweza kupika pamoja. Vidroo vya alumini vilikaa chini, watoto wadogo wakavifikia. Samani za zamani za familia hazikupata nafasi. Mbao zilichunguzwa kwa makini zaidi kuliko desturi za wenye nyumba.

May mwenyewe alihamia Tanganyika mwaka 1934, akalima karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi Nairobi. Makumbusho ya Uganda mjini Kampala, aliyoyasanifu, hutumia upepo na mwanga wa asili. Hakuyapandikiza majengo ya Frankfurt huku. Alichokuja nacho ni ile tabia ya kuyachunguza mazingira kwanza.

Tabia hiyo ndiyo tunayoihitaji kwenye makabati yetu. Adui wa kabati la Dar es Salaam au Mombasa ni unyevu wa pwani, mchwa na maji ya kudeki. Chipbodi na MDF hunyonya maji kupitia kingo zilizokatwa, zikavimba, na zikishavimba hazirudi. Chini ya sinki weka plaiwudi ya kuhimili maji au mbao ngumu iliyokauka vizuri, ziba kingo zote, na inua kabati kwa miguu ili maji ya sakafuni yasiliguse. Mtungi wa gesi ukikaa kabatini, toboa matundu ya hewa chini kabisa, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini. Kisha pima kipenyo cha sufuria kubwa ya pilau, kimo cha gunia la mchele na nafasi ya mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu kabati lililobuniwa Ulaya halikuvifikiria vitu hivyo. Hesabu pia ni watu wangapi hupika pamoja siku ya shughuli.

Basi, msomaji, kabla ya kumwita fundi, andika kila kitakachoingia kabatini, nani atakitumia na nini kinaweza kukiharibu. Mkabidhi fundi karatasi hiyo kwanza. Rangi mtaichagua mwishoni.