Mkono, Umeme na Mchezo

Asikiaye kwamba huko Korea Kusini, mwaka 2014, watafiti Lee na Chun waliwatibu wagonjwa wa kiharusi kwa umeme wa kichwani pamoja na uhalisia pepe, huenda akadhani kuwa umeme ndio uliousukuma mkono. Sivyo, umeme wa tiba ya namna hii ni haba mno, aghlabu miliampea 1 au 2, nao hupitishwa katika vipande viwili vya sifongo vilivyoroweshwa maji ya chumvi, ukaiwasha ngozi kidogo, wala haukunji hata kidole kimoja. Kazi yake, kama walivyobainisha watafiti Nitsche na Paulus mjini Göttingen mwaka 2000, ni kubadili wepesi wa ubongo wa kuitika: anodi (ncha chanya) huuchangamsha, kathodi (ncha hasi) huutuliza, na athari hudumu kitambo baada ya waya kuondolewa.

Wakorea walichagua kathodi, wakailekeza kwenye nusu ya ubongo iliyo nzima, na hapo ndipo penye ustadi. Nusu mbili za ubongo, katika siha, huzuiana kwa kadiri, mithili ya vitanga vya mizani. Moja idhoofikapo, ile nzima huilemea mwenziwe, na kuituliza hiyo nzima ni kumpunguzia dhaifu mzigo. Nadharia hii ina wapinzani wake, lakini si ya kupuuzwa.

Hata hivyo ubongo uliopewa nafasi hauna budi kupewa na somo, yaani mkono urudie mwendo ule ule mara nyingi bila kuchoshwa, na ndiyo huduma ya ule uhalisia pepe, mchezo wa kwenye skrini. Mchezo peke yake hauna miujiza: Saposnik na wenzake, mwaka 2016, walipima wagonjwa 141 wa kiharusi, na waliocheza mchezo wa skrini wa Wii hawakuwapita waliocheza karata na michezo mingine ya kawaida.

Wagonjwa wa Korea walikuwa 59, katika makundi matatu: umeme, mchezo, na vyote viwili, kwa vikao 15 katika wiki tatu. Makundi yote yalipata nafuu. La vyote viwili lilizidi katika vipimo vya mkono. Naona kasoro moja, kwamba halikuwapo kundi la tiba ya kawaida tupu, ilhali katika majuma ya mwanzo baada ya kiharusi ubongo hujiponya wenyewe kwa kiasi. Tena kipimo cha Fugl-Meyer, chenye alama 66 za mkono, hakimwulizi mgonjwa iwapo ameweza kufunga vifungo vya kanzu yake.