Kupima Maisha ya Nabii Yaliyoandikwa

Ukipewa maandishi juu ya mtu ambaye wengine humwita nabii, usihangaike kwanza kujua kama mwandishi anampenda au anamchukia. Tazama vitenzi vyake. Hapo ndipo fundi na mlipuaji wanapoachana.

Mfano wetu ni Bushiri Lungundu. Mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinaendelea, Wakitawala, yaani wafuasi wa dini ya Kitawala, wakiongozwa naye waliinuka dhidi ya utawala wa Wabelgiji huko Kongo, katika eneo linaloanzia Masisi hadi Lubutu, misitu ya Walikale ikiwa katikati. Serikali ilituma askari, uasi ukazimwa kwa mkono mzito. Sasa linganisha. Mwandishi wa kwanza anasema, “Bushiri alidai kuwa Mukombozi.” Wa pili: “Mungu alimtuma Bushiri awakomboe watu wake.” Wa tatu: “Wafuasi wake walimwita Mukombozi.” Yule wa kwanza amekwisha kuhukumu kwa neno moja, na sentensi yake inanuka ofisi ya mkuu wa wilaya. Wa pili anasali, jambo jema, ila msomaji hakuombwa aitikie amina. Sentensi ya tatu inaweza kuchunguzwa: kuna watu wa kuulizwa, kuna karatasi za kufunuliwa.

Kuna mtego mwingine ambao hata wasomi hunaswa nao. Wakitawala “waliamini” kwamba Bushiri ametumwa, lakini mtawala wa Kibelgiji “alijua” kwamba ni mchochezi. Kwa nini mmoja aamini na mwingine ajue? Mwandishi asiyeelemea upande huwapa wote wawili kitenzi kimoja, kisha huonyesha kila mmoja alikuwa na ushahidi gani mkononi.

Kipimo hiki hakiwahusu Wakongomani peke yao. Waumini wa Swaminarayan, wenye mahekalu Mombasa na Nairobi, humwabudu mwalimu huyo wa Kihindu (1781–1830) kama Mungu. Mwandishi mwema husema hivyo hivyo: humwabudu kama Mungu. Haandiki kwamba Mungu alizaliwa mwaka 1781, wala haandiki “aliyejifanya Mungu.”

Halafu uliza habari imepita mikononi mwa nani. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu ya uasi wa 1944 imetoka katika ripoti za serikali na mahojiano ya watu waliokamatwa. Fikiria mtu aliye chini ya ulinzi anaulizwa maswali, anajibu kwa lugha yake, na karani anaandika kwa Kifaransa. Jibu lake lina thamani, lakini limefinyangwa na swali. Kitabu kizuri hukukumbusha jambo hilo pale pale maneno ya mfungwa yanaponukuliwa. Onyo lililowekwa katika dibaji peke yake limesahaulika ufikapo sura ya nne. Maurice Lovens aliandika juu ya uasi huu mwaka 1974. Baadaye Nicole Eggers, katika makala ya mwaka 2015 na kitabu chake cha mwaka 2023 juu ya historia ya Kitawala, aliupa uponyaji nafasi kubwa, akawasikiliza na Wakitawala wenyewe. Wasome wote wawili, uone jinsi Bushiri anavyobadilika sura shahidi anapobadilika.

Upendeleo mgumu kuliko yote kuugundua ni ule wa kumsifu nabii. Mwaka 1942 koloni iliongeza siku za kazi za lazima kwa wanakijiji kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakasukumwa msituni kugema mpira. Hayo lazima yaandikwe. Lakini waandishi wengi huishia hapo: mpira ulileta hasira, hasira ikamleta Bushiri, basi, tumepata shujaa wa uhuru. Hiyo ni kumvika nishani na kumnyang’anya dini yake. Kitawala ilikuwa na njia yake ndefu, kutoka mafundisho ya Watch Tower yaliyohubiriwa na Elliot Kamwana huko Nyasaland mwaka 1908, ikapita Katanga, na koloni yenyewe ikasaidia kuisambaza kwa kuwahamishia wahubiri mbali na kwao. Mtu aliyefuata neno hilo alitaka kuponywa na kuokolewa, tena alitaka kazi ya shokoa ikome. Ukikuta kitabu kimechagua moja, kipunguzie alama.

Idadi ya waliokufa katika uasi nayo isikupite hivi hivi. Namba isiyo na aliyehesabu haina kazi.

Kwa anayetaka kuandika leo, wazee waliosimuliwa habari za uasi huo na wazazi wao bado wanaweza kupatikana. Vita havijaiacha Masisi wala Walikale, kwa hiyo jina la msemaji huenda likalazimika kufichwa. Lifiche, lakini tuambie alisimama wapi: mjukuu wa mfuasi, mjukuu wa askari, mchungaji wa kanisa lililoipinga Kitawala. Kitabu juu ya Bushiri kisichotuambia hata hilo, kirudishe rafuni.