Misemo ya Kiingereza na Picha Zake Machoni pa Mwanafunzi wa Kilimanjaro

Misemo ya Kiingereza aghalabu hufundishwa kwa orodha: upande mmoja msemo, upande wa pili maana yake. Mwanafunzi hukariri pande zote mbili akafaulu mtihani; walakini akiukuta msemo ule ule kitabuni, huikumbuka maana asijue kwa nini mwandishi ameuchagua. Kasoro ya orodha ni kwamba humpa jawabu na kumnyima picha iliyolizaa.

Mfano mmoja watosha. Waingereza wakitaka kusema kwamba linaloonekana ni sehemu ndogo tu ya jambo kubwa lililofichika, hutaja ncha ya mlima wa barafu. Watafsiri wamekwisha kuuingiza msemo huo katika Kiswahili neno kwa neno. Sasa msomaji aliyekulia Machame, Marangu au mjini Moshi atauwaza mlima gani ila Kibo? Na Kibo huukanusha msemo. Huko barafu iko kileleni tu, na kinachofichika mara nyingi ni kilele chenyewe, maana mawingu hukifunika, hali migomba na mibuni ya miteremkoni yaonekana wazi. Mlima wa Waingereza si wa nchi kavu. Ni pande la barafu lielealo baharini, ambalo takriban sehemu 9 katika 10 zimezama majini, na hizo ndizo nahodha azihofuzo. Pasipo bahari msemo hauna maana; na neno “mlima” ndilo limpotezalo msomaji.

Nchi hiyo imepata kuona jambo la namna hii. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kwenda Uchagani, aliona weupe juu ya mlima. Kiongozi wake aliutaja kwa neno moja tu: baridi. Kiongozi alitaja sifa. Rebmann akakitambua kitu, kwa kuwa theluji alikwisha kuijua kwao Ujerumani. Ujuzi wake ndio uliolijaza neno lile. Mwanafunzi wa leo yu katika hali ya kinyume: hupewa maneno yote, lakini bahari yenye barafu hakupata kuijua.

Je, yafaa kuweka methali ya Kiswahili mahali pake? “Dalili ya mvua ni mawingu” inakaribia, wala hailingani. Methali yahusu jambo lijalo. Msemo wahusu jambo lililopo tayari. Aonywaye juu ya mvua ana nafasi ya kuanua nguo. Aonywaye juu ya barafu huenda chombo kimekwisha kugonga.

Wala haya si mapambo ya lugha tu. Katika shule za serikali za Tanzania mtoto husoma msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari hutakiwa kuelewa sayansi kwa Kiingereza. Akikosea picha, hukosea hoja.

Kwa hiyo hapana budi mwalimu aulize mambo matatu kabla ya kutoa maana: picha ni ya kitu gani, ni sehemu gani ya picha ibebayo maana, na msemo hutumika katika hali gani. Naye mtafsiri, akiona picha haivuki bahari, aiache huko, aseme waziwazi kwamba yaliyofichika ni mengi kuliko yanayoonekana. Msomaji wa Moshi ataelewa mara moja, wala hatalazimika kuupindua mlima wake.